Mwanafunzi anayeshona mfarishi apewe meza, asipewe lawama

Ndugu Mhariri,

Msimu wa mitihani ukikaribia, lawama zinaanza upya kwamba mwanafunzi wa chuo anayeshona anachezea ada ya wazazi. Mlezi wa hosteli akikuta rundo la vipande vya vitenge kitandani, anaona uzembe. Mzazi akisikia mtoto kapata supu, yaani mtihani wa marudio, anauliza habari za sindano kabla ya kuuliza habari za somo lenyewe. Sisi tunaofundisha ushonaji wa mkono tunaomba nafasi tulizungumze hili kwa hesabu, maana bila hesabu mlezi na mwanafunzi watabishana mpaka mahafali.

Tuchukue kitanda cha hosteli cha futi 3 kwa 6. Mfarishi wa viraka, yaani tandiko la matabaka matatu lenye uso wa vipande vilivyounganishwa, unaokitosha, ukaning'inia inchi 6 kila ubavu, una upana wa inchi 48 na urefu wa inchi 72. Ukitengenezwa kwa miraba ya inchi 6, ni miraba 8 kwa upana na 12 kwa urefu, jumla 96. Kila mstari wa miraba 8 una mishono 7 mifupi. Mkono wa wastani unamaliza mshono wa inchi 6 kwa dakika 10 hivi, kwa hiyo mstari mmoja ni dakika 70. Kuuunganisha mstari huo na ule wa juu yake ni mshono wa inchi 48, ambao kwa mwendo uleule ni dakika 80. Jumla ni saa 2 na nusu. Mwanafunzi akishona mstari mmoja kwa wiki, uso wote wa mfarishi unakamilika kwa wiki 12, na muhula wa wiki 15 za masomo unambakizia wiki 3 za kutogusa sindano kabisa. Saa 2 na nusu kwa wiki ni muda wa mechi moja ya mpira pamoja na ubishi wake baada ya filimbi, na hatujasikia hosteli iliyopiga marufuku mechi.

Kwa nini basi wapo wanaoharibikiwa kweli? Kwa sababu mfarishi ni kazi tatu zenye tabia tofauti, na wengi wanazichanganya. Kukata kunataka meza ndefu, pasi na saa nne tano bila kukatizwa. Kushona miraba kunataka mapaja mawili na dakika 10. Kupandanisha matabaka kunataka sakafu safi na siku nzima. Anayeanza kukata wiki ya tatu ya muhula, juu ya kitanda, huku mwenzake akitaka kulala, anapoteza jioni tatu na anapata miraba isiyolingana. Kukata na kupandanisha ni kazi za likizo. Kinachoingia chuoni ni kushona tu.

Tuanzie kwenye kukata, maana makosa mengi yanayoonekana mwishoni yalifanyika hapo. Vitambaa si lazima vinunuliwe. Fundi wa mtaani ana gunia la mabaki, na kipande chenye shubiri moja kila upande kinatoa mraba mmoja. Anayenunua achukue vitenge 8 tofauti, nusu yadi kila kimoja. Kitenge cha upana wa inchi 45 kinatoa miraba 6 kwa ukanda mmoja, nusu yadi inatoa kanda mbili, yaani miraba 12, na 12 mara 8 ndiyo 96. Kila kitenge kinabakiza ukanda mwembamba. Utunzwe, kwa sababu mikanda 7 ya inchi 2 na nusu ndiyo itakayozungushiwa ukingoni mwisho wa safari.

Kabla ya mkasi kugusa kitu, vitambaa vifuliwe. Kitenge kipya kina wanga unaokifanya kiwe kigumu, kinasinyaa kikifuliwa, na chekundu na buluu vinachuja. Loweka kila rangi peke yake, fua, rudia hadi maji yawe meupe, kisha bana kitambaa chenye unyevu kwenye kitambaa cheupe kwa pasi. Kikiacha alama, bado. Ile imani ya kuloweka kwenye chumvi ili rangi ishike haifai kutegemewa. Kitenge kisichoacha kuchuja baada ya kufuliwa mara nne kifae mkoba, kisiingie kwenye mfarishi wenye miraba myeupe.

Halafu kuna vitenge vya poliesta, ambavyo sokoni vinauzwa bega kwa bega na vya pamba kwa sura ileile. Chomoa nyuzi tatu, zichome juu ya sahani. Pamba inawaka kama karatasi na kuacha majivu laini. Poliesta inayeyuka na kuacha punje ngumu. Usichanganye hizo mbili kwenye mfarishi mmoja. Pamba itaendelea kusinyaa kidogo kidogo kila inapofuliwa, poliesta haitasinyaa, na baada ya miezi michache mishono inajikunja.

Kila mraba ukatwe inchi 6 na nusu, ili robo inchi iingie kwenye mshono kila upande. Kigezo cha boksi hakifai. Kingo zake zinalika kwa penseli, na mraba wa sitini unakuwa hauna sura ya mraba wa kwanza. Jalada gumu la faili la plastiki linadumu. Upande mmoja wa kigezo ufuate uzi wa kitambaa, kwa sababu kitambaa kilichokatwa mshazari kinavutika mkononi. Kwa khanga kuna njia rahisi: chana kidogo kwa mkasi kisha pasua kwa mikono, nayo inapasuka sawasawa na uzi hata pale maua yake yalipochapwa upande. Ule ukingo wa kiwandani, wenye maandishi, usiingie kwenye mraba. Umebanwa zaidi ya kitambaa kingine na utauvuta mshono.

Nyuma ya kila mraba chora mstari wa penseli robo inchi kutoka ukingoni. Ni kazi ya kuchosha, na wanafunzi wengi wanairuka. Waone hesabu yake: mshono mmoja ukila moja ya nane ya inchi zaidi ya unavyotakiwa, mishono 7 inakula karibu inchi nzima, na mstari huo hautalingana na wa juu yake. Mstari wa penseli unamaliza habari hiyo likizoni, kukiwa bado na meza.

Sasa muhula umefunguliwa. Mwanafunzi abebe mfuko mdogo wenye miraba 8 tu, iliyopangwa kwa mfuatano na kubanwa kwa pini moja, pamoja na uzi wa kawaida wa fundi, sindano mbili fupi, kastabini ya kukinga kidole na mkasi mdogo. Miraba mingine 88 ibaki kwenye sanduku chini ya kitanda. Wingi huo una sababu. Miraba 8 ni kazi ya wiki. Ikiisha, imeisha, na hakuna kipande kingine cha kumshawishi aendelee hadi saa nane za usiku wakati asaimenti inamsubiri. Tumeona kuwa kipimo hiki kinafuatwa kirahisi kuliko kujiwekea saa, kwa kuwa saa inapuuzwa ila mfuko mtupu haupuuziki.

Uzi ukatwe urefu wa kutoka kiwikoni hadi ncha za vidole. Mrefu zaidi unajisokota na kufunga vifundo, na anayeshona anaona anaokoa muda kumbe anaupoteza kwenye kufungua. Anza mshono kwa kurudi nyuma mara mbili mahali pamoja. Kifundo kwenye kitambaa chepesi kinapenya na kuchomoka. Kisha sindano ipite juu na chini kwenye mstari wa penseli, mishono 8 kwa inchi, minne mitano kwa kila mvuto, na kila baada ya inchi moja urudi nyuma mara moja, ili uzi ukikatika siku moja ufumuke inchi moja tu. Geuza upande wa pili uangalie kama sindano imetokea kwenye penseli ya mraba wa nyuma. Usipogeuza kila mvuto, mshono wa nyuma utahama taratibu, na mraba utakaa upande bila wewe kujua ulianzia wapi kukosea.

Hosteli nyingi zinakataza pasi chumbani, na zina haki, kwa nyaya zilivyo. Kitenge cha pamba kinatii hata bila pasi. Laza mshono upande mmoja juu ya daftari gumu, kisha pitisha mgongo wa kijiko ukikandamiza kutoka mwanzo hadi mwisho. Cha kukumbuka ni upande: mistari yenye namba witiri mishono ilazwe kushoto, yenye namba shufwa ilazwe kulia. Siku ya kuunganisha mistari miwili, mishono inayokutana itakaa huku na huku na kushikana yenyewe, pembe kwa pembe. Ikilazwa upande mmoja yote, kila makutano yanakuwa na tuta la matabaka sita ambalo sindano fupi inalipita kwa taabu, na pembe zinapishana.

Kabla ya kuunganisha, bana pini kwenye makutano yote 7 na kwenye ncha mbili, halafu ndipo sindano ianze. Tofauti ya robo inchi kati ya mistari miwili inagawanywa kidogo kidogo kati ya pini na haionekani. Tofauti ya nusu inchi ifumuliwe leo. Ikivutwa kwa nguvu, mfarishi utakuwa na wimbi mahali hapo maisha yake yote.

Kuhusu kushona huku unasoma, tuwe wakweli. Mikono inayoshona inaweza kusikiliza mhadhara uliorekodiwa kwenye simu, hasa wa kurudia, na inaweza kukaa kwenye majadiliano ya kikundi. Haiwezi kukokotoa, kuandika wala kusoma mada mpya. Mwanafunzi wa uhasibu au uhandisi asijidanganye. Mwenye masomo ya kusikiliza na kukumbuka ndiye mwenye nafasi kidogo hapa.

Zile wiki 3 za akiba zina kazi yake: moja ni ya majaribio ya katikati ya muhula, mbili ni za kabla ya mtihani wa mwisho. Katika wiki hizo mfuko ufungwe. Uachwe mwisho wa mstari, kamwe usiachwe katikati ya mshono, na ndani yake kiwekwe kikaratasi: mstari wa ngapi unafuata, mishono inalazwa upande gani. Bila kikaratasi, kurudi baada ya mwezi kunageuka kazi ya kupanga upya miraba yote sakafuni. Na ipo dalili moja ambayo mwanafunzi mwenyewe anaijua kabla ya mlezi: wiki ya majaribio ikimpata ameshona mistari miwili badala ya sifuri, basi anakimbia kitabu, na hapo mfuko apewe mtu mwingine autunze.

Wapo wasioipenda kazi ya miraba. Kwao ipo njia nyingine, na inatoka kwa watu wenye damu ya pwani hii. Wasiddi wa jimbo la Karnataka nchini India ni kizazi cha Waafrika, wengi wao waliopelekwa huko kutoka Afrika Mashariki karne nyingi zilizopita, na wanawake wao wanashona mifarishi inayoitwa kawandi. Hakuna kushona uso kwanza. Kitambaa cha nyuma, mara nyingi sari kuukuu, kinatandazwa, kingo zake zinakunjwa ndani, na mshonaji anaanzia pembeni. Anaweka kiraka, anakunja ukingo wake kwa vidole, anakishona kwa mshono wa juu na chini unaopita matabaka yote, kisha anaongeza kingine kando yake. Anazunguka ukingo mzima, anarudi kuzunguka tena ndani ya ule mzunguko wa kwanza, umbali wa kidole kati ya mstari na mstari, hadi anafika katikati. Pembe nne zinapambwa kwa vipande vidogo vilivyokunjwa pembetatu, vinavyoitwa phula, yaani maua.

Kwa mwanafunzi, faida yake iko wazi: hakuna kupima, hakuna bandi (mishono mirefu ya muda ya kushikiza matabaka), hakuna kuzungushia ukingo mwishoni, na sindano inaweza kusimama popote. Khanga kuukuu inachukua nafasi ya sari vizuri kabisa. Tatizo la kwanza ni mkono unaovuta uzi sana: kila mzunguko unabana kidogo, na katikati panabaki tumbo la kitambaa. Kila baada ya mizunguko miwili kilaze chini, kipapase kwa kiganja kuelekea katikati, na kama kuna tumbo, legeza mizunguko inayofuata. Tatizo la pili ni kwamba hakibebeki. Kiko mapajani chote, na kwa joto la Dar es Salaam mwezi wa Februari huo ni mtihani mwingine. Wa Iringa, Mbeya na Njombe watakifurahia. Wa pwani wabaki na mfuko wa miraba 8.

Likizo ikirudi, ndipo matabaka yapandanishwe. Doti moja ya khanga, vipande viwili vikiunganishwa kwa upande mrefu, inatosha kuwa kitambaa cha nyuma chenye ziada ya inchi 2 kila upande. Elekeza maandishi yote upande mmoja, maana yatasomwa na kila atakayetandika kitanda. Katikati, kwa wa pwani shuka kuukuu la pamba linatosha, kwa wa nyanda za juu blanketi jepesi. Usishawishike na tabaka nene la pamba. Mfarishi wa mwanafunzi unafuliwa kwenye ndoo na kukaushwa kwenye kamba ya watu wengi, na ule mnene wakati wa masika unakaa siku tatu bila kukauka na kuanza kunuka uvundo. Tandaza kitambaa cha nyuma sakafuni, kibanwe kwa selotepu kikiwa kimenyooka bila kuvutwa, weka la kati, weka uso, kisha piga bandi kutoka katikati kwenda nje, mistari ya inchi 4 kwa 4. Bandi ikianzia ukingoni, hewa yote inasukumwa katikati na inabaki humo. Baada ya hapo mshono wa kudumu unafuata njia za miraba, na ukingo unamalizwa na ile mikanda 7. Kazi hii yote ni saa 25 hivi, na ndiyo maana haifai kuingia chuoni.

Neno kuhusu kunguni, kwa sababu walezi wa hosteli hulitumia kama hoja. Ni kweli wanapenda mishono. Wanapenda pia mishono ya godoro, na hakuna aliyependekeza wanafunzi walale bila godoro. Mfarishi upigwe pasi ya moto mishono yote kabla ya kuhamia chumba kipya.

Kuhusu biashara tunatofautiana na wanaowahimiza wanafunzi waishi kwa sindano. Kukata, kushona na kumalizia mfarishi mmoja ni karibu saa 58. Akiuuza shilingi 60,000, amelipwa kama shilingi 1,000 kwa saa, kabla ya kutoa uzi, kitambaa na nauli. Na akishapokea advansi, ratiba si yake tena. Mteja wa harusi hajui wiki ya UE, yaani mtihani wa mwisho wa muhula. Mwenye shida ya fedha ashone foronya za kochi likizoni, aziuze zikiwa zimekwisha, na asipokee oda yoyote muhula ukiwa unaendelea.

Ombi letu kwa wasimamizi wa hosteli, Mhariri, ni dogo. Katika ukumbi wa pamoja iwekwe meza moja yenye urefu wa futi 6, na soketi moja yenye waya wa kuaminika kwa ajili ya pasi, ipatikane Jumamosi kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa nane mchana, kwa daftari la kujiandikisha. Itawafaa wanaoshona, na itawafaa pia wale wote ambao leo wanapiga pasi mashati yao chumbani kwa siri kwenye soketi zilizolegea. Daftari litunzwe na viongozi wa wanafunzi, na wiki mbili kabla ya mitihani ya mwisho meza irudishwe kwa wanaojisomea.

Wasalaam,

Walimu wa ushonaji wa mkono,
Morogoro